Ushauri: ntpd imenichosha kwenye fayawoli, nihamie programu gani ya saa?

fundi_ngara: Wakuu, habari za jioni. Natunza fayawoli (mlinzi wa mtandao) ya duka la jumla pale Eneo la Viwanda: kompyuta kuukuu ya Linux iliyobeba mashine 40 hivi na VPN (njia ya siri ya mtandao) ya tawi la Mombasa. Saa inashikwa na ntpd, programu inayoulizia saa sahihi mtandaoni kwa itifaki ya NTP, tangu enzi za aliyenitangulia.

Jumatatu stima ilipotea usiku, UPS (betri ya akiba) ikaisha. Iliporudi, fayawoli iliamka ikidhani ni Januari 2016. ntpd ikaona pengo, ikajizima kimyakimya. VPN nayo ikakataa cheti cha utambulisho eti muda wake haujaanza. Saa kumi na mbili asubuhi bosi yuko kwenye simu, Mombasa hawawezi kuuza kitu. Niweke chrony, OpenNTPD, au timesyncd inayokuja na systemd?

mzee_wa_kebo: Betri ya mazabodi, ile CR2032 inayoshika saa stima ikipotea, umebadilisha? Luthuli Avenue zimejaa. Programu tutazungumza baadaye.

nyaya_tatu: Mzee amenena, ila betri itakufa tena siku moja. Ndivyo ntpd ilivyo: tofauti ikizidi sekunde 1000, yaani dakika 16 na sekunde 40, inajiua badala ya kurekebisha, isipokuwa umeiwasha kwa `-g`. Hamia chrony. Inavumilia mashine zinazozimika ovyo na mtandao unaokatika, utadhani aliyeitunga alipanga nyumba mtaa wa Umoja. Weka `makestep 1 3`: kosa likizidi sekunde 1, itaruka papo hapo katika masahihisho matatu ya kwanza; baadaye inasukuma saa polepole. Iwashe na `-s` pia. Betri ikifa, itaangalia driftfile (faili yake ya kumbukumbu za mwendo wa saa) iliguswa mara ya mwisho lini na kuanzia hapo, kwa hiyo 2016 huirudii. timesyncd achana nayo. Inapokea saa tu, haigawi, na wewe una mashine 40 zinangoja.

dada_wa_seva: Mimi ni wa OpenNTPD. Msimbo mdogo, imetoka kwa watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD, na inaweza kulinganisha saa na ile inayotajwa na tovuti za HTTPS ili seva ya uongo isikupotoshe. Chrony ni sahihi zaidi, sibishi, lakini duka la unga na sukari linataka usahihi wa nini?

mzee_wa_kebo: Kuna mtego hamjautaja. Kama fayawoli inahakiki DNSSEC (sahihi za kuthibitisha majina ya mtandao), saa ikipotea sahihi zote zinakataliwa, na ke.pool.ntp.org, jina la seva za saa, haionekani. Bila saa hupati jina, bila jina hupati saa. Andika angalau seva moja kwa namba ya IP. Na UDP 123, mlango wa NTP, usiifungue upande wa nje! Mwanzoni mwa 2014 ntpd za zamani zilizoachwa wazi ziligeuzwa rungu la kuwapigia wengine, kupitia amri ya monlist, inayojibu ombi dogo kwa jibu kubwa.

fundi_ngara: Nimerudi. Betri mpya, chrony, `allow` (ruhusa ya kuulizia saa) kwa mtandao wa ndani peke yake. Nikatoa betri na kuchomoa waya makusudi. Ikaamka, kabla sijamaliza chai saa iko sawa. Sasa bosi ameona logi, anauliza nani aliingia VPN saa tisa usiku. Imeandikwa 03:00.

dada_wa_seva: Hiyo ni UTC, saa ya kimataifa, kaka. NTP haijui habari za Nairobi, kanda ya saa unaiweka mwenyewe kwenye Linux. Ongeza 3. Mwambie ni saa kumi na mbili asubuhi, Mombasa wanafungua duka.