Kitabu cha safari cha okazioni: nikiamini wapi, nikiache wapi?

mwana_katuba
Jambo wote. Nina kitabu cha safari cha Zambia, cha Kiingereza, kutoka kwa wauza vitabu vya okazioni (vilivyokwisha kutumika) hapa Lubumbashi. Ramani zote zimo. Nataka kukitumia kupanga safari ya basi hadi Livingstone mwezi wa kumi na moja, watu wazima wawili na watoto wawili. Lakini chumba cha watu wawili kimeandikwa K250,000! Kitabu kinadanganya, ama ni mimi sijui kukisoma?

yaya_ramani
Hakidanganyi, kimezeeka. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilikata sufuri tatu kwenye kwacha, 1,000 za zamani zikawa 1. Kwa hesabu hiyo ni K250, lakini thamani si ile tena, kwa hiyo usipangie mfuko wako. Umri wa kitabu uko kwenye ukurasa wa maandishi madogo karibu na mwanzo, penye toleo na mwaka. Kwa vitabu vya Kifaransa tafuta "dépôt légal", mara nyingi iko mwisho kabisa. Ukishaupata, rudisha nyuma mwaka mmoja hivi, maana mwandishi alizunguka kabla kitabu hakijachapwa.

Bei zisome kama ngazi tu. Nyumba ya wageni iliyokuwa nusu ya bei ya jirani yake, mara nyingi bado iko chini yake. Pata bei ya leo ya moja, nyingine utazikadiria.

Ramani ndizo hazichachi haraka, ila kila moja ina kipimo chake. Ya nchi nzima, kimstari cha chini kinaweza kuwa kilomita 100. Ya mji, mita 500. Laza uzi juu ya barabara ukifuata kona zake, kisha unyooshe kwenye kile kimstari. Kwenye ramani ya nchi, mji wa Livingstone na maporomoko ya Victoria Falls vinaonekana nukta moja, kumbe kati yao kuna kama kilomita 10. Ukichagua hoteli mjini, ongeza nauli ya teksi ya kwenda na kurudi.

mama_ratiba
Mimi shida yangu ni huo mwezi wa kumi na moja. Rudi kwenye sura ya majira kabla ya kuangalia hoteli yoyote. Victoria Falls ni ukuta wa mawe wenye upana wa mita 1,708 na kina cha mita 108, na mvua inayoujaza hunyesha mbali juu ya Zambezi, huchukua miezi kushuka. Kilele cha maji ni karibu na mwezi wa nne. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, upande wa Zambia sehemu kubwa hubaki mwamba mkavu. Maji yanayobaki mengi yako upande wa Zimbabwe. Kitabu kikisema "wazi mwaka mzima" kinasema kuhusu geti, si kuhusu maji! Na picha ya jalada haikupigwa Novemba.

Mwezi wa nne nao una taabu yake: ukungu wa maji unakulowesha pale kwenye daraja la miguu la Knife-Edge na huoni ng'ambo. Mwezi wa sita hadi wa nane ndio wa kati, maji yapo na macho yanaona.

Kama tarehe haziwezi kusogea, geuza safari: mbuga ya Kasanka, nje ya barabara ya Serenje kwenda Mansa. Popo wa matunda hukusanyika pale kwa mamilioni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba, na huruka jua likizama. Ila kambi ziko kilomita kadhaa ndani ya geti. Basi halikufikishi, panga gari kabla.

kasumbalesa_kila_wiki
Sura ya viza iruke yote. Imeandikiwa mwenye paspoti ya Ulaya au Marekani anayeshuka uwanja wa ndege wa Lusaka. Wewe uliza kwenye konsula ya Zambia hapa hapa Lubumbashi, pamoja na karatasi za watoto. Ukitaka kuvuka daraja la mpakani kuona upande wa Zimbabwe, uliza pia kama ruhusa yako ni ya kuingia mara moja ama mara mbili. Watu hukwama hapo: wametoka Zambia kwa saa tatu tu, na kurudi inakuwa kesi.

Karte ya njano: vitabu vya zamani vinasema chanjo ya homa ya manjano inadumu miaka 10. Tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa zinaihesabu ya maisha yote. Asiyechanjwa achanjwe mapema, cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano.

Njia isome kinyume. Kitabu kinaanza Lusaka na kupanda kaskazini. Wewe unaingia mpakani Kasumbalesa, Chililabombwe, Chingola, Kitwe, ndipo Lusaka. Usiunganishe basi la Livingstone siku ileile, mpaka unaweza kumeza nusu ya siku. Lala Kitwe au Lusaka. Saa ya kule ni sawa na ya kwetu. Na watoto wafundishwe: kule magari yanatembea kushoto, kabla ya kuvuka wanaanza kuangalia kulia.

mwana_katuba
Aksanti sana. Basi tunahamisha hadi mwezi wa saba, watoto wako vakanse. Kuna kingine?

mama_ratiba
Masweta. Julai asubuhi kule ni baridi ya kweli. Na mfuko wa plastiki wa kufungia simu na paspoti, ukungu haujaisha wote.