Simba's Pride kwa Kiswahili, uwanjani usiku Dodoma: sauti na skrini tufanyeje?

Mkeka_Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Kuna onyesho la watoto kama 80, umri miaka 6 hadi 12, uwanja wa wazi Nkuhungu, mwezi wa saba. Katuni iliyochaguliwa ni The Lion King II: Simba's Pride, ile ya Kiara, binti wa Simba. Kiingereza cha watoto hakitoshi kuifuatilia, kwa hiyo wasomaji watasoma maneno ya Kiswahili kwenye maiki papo hapo huku picha inaenda.

Vifaa: projekta ya lumeni 3000, laptop, home theatre ya spika tano na sabufa (ina deki ya DVD ndani), maiki mbili, jenereta ndogo ya wati 650. Skrini bado.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Nizimeje sauti za Kiingereza bila kuua muziki? Tafsiri iweje, hasa upendo na wajibu ambayo ndiyo mada ya siku? Na skrini isimame vipi na huu upepo wetu? Nipeni hatua, si "ingia YouTube".

FundiMawimbi
Mkuu, kwenye sauti nusu ya kazi umeshamaliza. Diski ikiwa na sauti ya 5.1, yaani chaneli tano za spika na moja ya sabufa, maneno ya wahusika karibu yote yanatoka kwenye spika ya katikati. Muziki na kelele za porini ziko kushoto, kulia na nyuma. Chomoa waya wa spika ya katikati. Simba atafungua mdomo kimya, ngoma na ngurumo zitabaki.

Ikigoma, chanzo ni kimoja kati ya viwili. Huenda nakala yenyewe ni ya chaneli mbili. Hii katuni Marekani ilitoka 1998 moja kwa moja kwenye kanda za video, na baadhi ya nakala zinazozunguka mtaani huenda ni za chaneli mbili. Geuza kava utafute maandishi ya 5.1. Au deki imewekwa kwenye 2CH, hapo inachanganya chaneli zote sita kuwa mbili na Kiingereza kinahamia spika za pembeni. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, weka 5.1CH. Kwa sababu hiyo hiyo usichezeshe kwa laptop kupitia tundu la hedfoni, lile ni la chaneli mbili tu. Cheza kwenye deki, waya wa HDMI uende projekta, laptop ipumzike.

Utasikia mabaki ya Kiingereza kwa mbali, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Ni mwangwi uliobaki kwenye spika za nyuma, maiki zikianza hausikiki. Nyimbo huenda zikabaki kwa sehemu kubwa, maana mara nyingi waimbaji wanatandazwa kushoto na kulia pia. Waache waimbe.

Nakala ikiwa ya chaneli mbili, usihangaike na zile programu za zamani za kufuta sauti ya mwimbaji. Zinafuta kila kilicho sawa pande zote mbili, na besi na ngoma zinaondoka nayo. Mweke mtu mmoja ashike rimoti: msomaji akianza ashushe hadi theluthi, akinyamaza apandishe.

Maiki chomeka kwenye tundu la karaoke la home theatre, kitufe cha ECHO kirudishe sifuri. Watu wengi hukiacha katikati, halafu wanashangaa msomaji anasikika kama yuko mnadani. Bluetooth hapana kabisa, sauti inachelewa na simba atanguruma akiwa ameshafunga mdomo.

Wasomaji wakae nyuma ya skrini. Shuka jepesi linapitisha mwanga, wataiona picha imegeuka kushoto kulia ila midomo ni ile ile. Maiki zikiwa nyuma ya spika hazipigi mluzi, na watoto hawaoni mtu anayesoma karatasi.

Kalamu_ya_Kondoa
Mimi naingia kwenye tafsiri, na kabla ya wajibu shughulikia majina. Mtoto wa Ulaya akisikia Kovu, yule kijana wa upande wa maadui, anasikia jina tu. Mtoto wa Nkuhungu anasikia kovu la jeraha, anaanza kulisubiri, na kweli baadaye Zira, mama yake, anamparua usoni. Nuka, kaka yake, ananuka. Vitani, dada yake, yuko vitani. Zira ni mtu aliyezira, kama mtoto anayezira chakula, na hatakula mpaka mwisho. Haya yote yanakusaidia, yaache.

Mtego uko kwa Scar, yule adui wa filamu ya kwanza, ambaye jina lake kwa Kiingereza ni kovu. Ukimtafsiri unapata makovu mawili kwenye hadithi moja, na watoto watadhani kijana ndiye yule mzee aliyekufa. Muite Skaa, basi. Na muelewe kwamba Kovu si mwanawe. Zira anasema alichaguliwa kumrithi, hakuzaliwa naye. Msomaji akiteleza akasema "baba yako Skaa" ameharibu mapenzi yote ya filamu, maana Kovu na Kiara wanageuka ndugu.

Jina la filamu lina fumbo ambalo kwetu linatafsirika vizuri ajabu. Neno la Kiingereza, pride, ni kundi la simba na ni majivuno kwa pamoja. "Fahari ya Simba" inabeba utukufu na majivuno, na kwa watoto wa wafugaji fahari ni dume la ng'ombe, wale wawili wasiokaa zizi moja. Simba na Zira hao.

Nchi ya waliofukuzwa usiiite Nyika. Nyika ndiko wanakokaa watoto wako, utakuwa umewaambia wabaya wanaishi Bahi. Sema "ng'ambo ya mpaka". Wenyewe waite Watengwa. Watoto waliolelewa kanisani wanajua kutengwa ni nini, hutahitaji maelezo.

Sasa upendo na wajibu. "Mapenzi" kwa watoto wa umri huu yanaelekea kwenye kucheka na kusukumana. Tumia "upendo" kwa Simba na binti yake, na kwa Kiara na Kovu epuka nomino kabisa, sema "wanapendana". Wajibu na jukumu watu wanavichanganya. Jukumu unapewa, linaweza kupewa mwingine. Wajibu uko juu yako hata asipokuagiza mtu. Sehemu ya mwanzo, Simba anapomweleza Kiara kwamba siku moja atatawala, tumia "jukumu": ni kitu cha baba, binti hakitaki. Neno "wajibu" lifiche. Litoe mara ya kwanza kando ya maji, baada ya nyuso zao kuungana kuwa uso mmoja. Kovu anataka watoroke wakaanze kundi lao, Kiara anakataa, anataka warudi. Hakuna aliyemtuma. Ukiwa umelitumia neno mara kumi kabla ya hapo, pale halina uzito.

Urefu wa mistari ndio unaowaangusha wengi. Kiswahili kina silabi nyingi na wasomaji wanaishia kukimbia. Pima sekunde za mdomo kwa saa ya simu, zidisha kwa 5, hizo ndizo silabi zako. "Unapaswa kufahamu kwamba huruhusiwi kuvuka mpaka" ni silabi 21, zaidi ya sekunde nne. "Mpaka huo usivuke" ni 9, sekunde mbili kasoro. Ukikwama, kata kitenzi kisaidizi kwanza, halafu "kwamba", halafu jina la anayeambiwa. Viunganishi vya aina ya "hata hivyo" havina kazi kwenye mdomo wa simba.

Mkeka_Nkuhungu
Shukrani sana wakuu. Wasomaji ni wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Watatosha? Na ule wimbo wa mtoni, Upendi, watoto si watasikia "hupendi"?

Kalamu_ya_Kondoa
Watasikia hivyo hivyo, na wimbo unasema kinyume chake. Rafiki anawapeleka mahali pa kupendana, mtoto anaambiwa hupendi. Aliyeutunga alikuwa karibu na "upendo" akakosea herufi ya mwisho, au alitaka jina la mahali, haijalishi. Kabla wimbo haujaanza msomaji wa Rafiki atamke wazi: "Mahali hapo panaitwa Upendo." Silabi ni tatu zile zile na mkazo uko pale pale, tofauti ni mdomo kuviringika mwishoni badala ya kutanuka, na kutoka mkekani hakuna atakayeona. Ukipata mpiga zeze au ilimba, muweke dakika moja kabla ya filamu na kiitikio cha "Upendo", watoto waufike wimbo wakiwa na neno sahihi tayari.

Wanne ni wachache, tafuta mwanamke wa tatu. Kwenye vita ya mwisho Vitani na Nala, mama yake Kiara, wanarushiana maneno, na Zira yuko hapo hapo, na Kiara anaingia. Mwanamke mmoja asome Zira peke yake, sauti ile inachosha koo. Wa pili Kiara, mdogo na mkubwa. Wa tatu Nala, halafu Vitani asomwe na wa Kiara kwa sauti ya chini zaidi. Wanaume: mmoja Simba na Nuka, mwingine Kovu. Timon, Pumbaa na Rafiki wanahitaji wa tatu mchangamfu. Akikosekana, Timon apewe mwanamke wa Nala. Inakubalika kwenye katuni.

Kila msomaji awe na karatasi yake, mistari yake imepigwa rangi, na dakika pembeni. Filamu ni kama saa moja na dakika 20. Isomeni nzima angalau mara tatu na picha. Mara ya kwanza yote itachelewa, msikate tamaa hapo.

Turubai_Makole
Skrini sasa. Nampinga kidogo FundiMawimbi: shuka moja jepesi linapoteza mwanga mwingi nyuma. Kwa lumeni 3000 na picha ya mita 3 kwa 1.7 unaweza kumudu hasara hiyo gizani, lakini projekta ikiwa ya zile ndogo zenye namba kubwa kwenye boksi, tafuta neno ANSI (kipimo cha lumeni cha kuaminika) kwenye karatasi yake. Lisipokuwepo, tandika mashuka mawili na wasomaji wakae pembeni.

Kuhusu upepo: wa kilomita 30 kwa saa unalisukuma shuka la mita 5 za mraba kwa nguvu ya kama kilo 20 hadi 25. Ukizidi mara mbili, mzigo unakuwa mara nne. Watu wanafunga pembe nne tu, hapo ndipo linachanika, kwenye pembe. Pindo la sentimita 5 kuzunguka lote, kamba ipite ndani ya pindo, halafu funga kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli kila sentimita 40. Mpira unanyoosha na kurudi, kamba tupu inakata. Mirunda miwili ya mita 4, shimo sentimita 60, kila mlingoti na kamba mbili za kuvuta, moja mbele moja nyuma, vigingi mita 2 kutoka kwenye mlingoti. Usitoboe matundu ya kupitisha upepo, hayasaidii na picha inaoza.

Kipupwe upepo wa Dodoma unatoka zaidi mashariki na kusini mashariki. Skrini itazame kaskazini au kusini, upepo upite sambamba nayo usiipige kifuani. Ukingo wa chini uwe mita 1.2 kutoka ardhini, la sivyo walio nyuma wataona vichwa. Mkeka wa kwanza uanze mita 4. Projekta angalia uwiano wake (umbali gawa kwa upana wa picha) kwenye kijitabu: ukiwa 1.5, picha ya mita 3 inahitaji mita 4.5, kwa hiyo itakaa katikati ya watoto. Iwekee meza na kamba kuzunguka. Anza saa moja na robo. Kabla ya hapo anga bado ina mwanga na ile sehemu ya mwanzo yenye jua linalochomoza itaonekana kama vumbi.

Jenereta: projekta wati 280 hivi, home theatre 150. Inatosha ila usiongeze taa. Ikae mita 25, upande upepo unakoelekea, waya wa milimita mraba 2.5. Usiweke UPS (betri ya akiba) ya kawaida katikati: mzunguko wa umeme wa jenereta ndogo unayumba, UPS inaukataa, inahamia betri, na dakika chache baadaye kila kitu kinazima katikati ya vita. Jaza mafuta kabla, usiongeze ikiwa inawaka. Mwisho wa filamu zima projekta kwa rimoti, subiri feni isimame, ndipo uzime jenereta. Kichujio cha vumbi kipulize siku hiyo hiyo asubuhi.

Sheria_Ndogo
Diski uliyonunua ni ya kutazama nyumbani. Kuonyesha hadharani na kutafsiri ni haki za mwenye kazi, na watoto kuingia bure hakubadilishi hilo. Anza na COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, halafu Bodi ya Filamu kuhusu onyesho lenyewe, na upite serikali ya mtaa kwa sababu ya uwanja na kelele. Usirekodi sauti za wasomaji juu ya picha ukaweka mtandaoni.

Na kwa wa miaka 6: Nuka anafia chini ya magogo, Zira anakataa mkono wa Kiara na anaangukia mtoni. Msomaji asipige kelele sehemu hizo. Anyamaze tu.

Mkeka_Nkuhungu
Nimepata. Nimechomoa spika ya katikati sasa hivi, deki ilikuwa 2CH kweli. Pumbaa hasikiki, ila nzige na ngoma zipo.