Majirani Kijenge: kompyuta kwenye TV, picha ina ukungu

Mama Glory [18:47]
Habari za jioni majirani. Kompyuta nimeiunga kwenye TV ya inchi 43, Jumamosi wageni waangalie video ya ubarikio. Picha imekuja lakini ina ukungu, maandishi yana vivuli pembeni, ile saa ya chini kulia haionekani, na sauti inatokea kwenye kompyuta. TV imeandikwa Full HD. Shida nini?

Fundi Saidi [18:52]
Pole Mama Glory. Angalia kichwa cha waya. Ni cha bluu chenye skrubu mbili ubavuni?

Mama Glory [18:53]
Ndiyo, bluu, na skrubu zipo.

Fundi Saidi [18:57]
Hiyo ni VGA, pini 15. Ni teknolojia ya analogia: kompyuta inageuza namba za picha kuwa mawimbi ya umeme, TV inayageuza tena kuwa namba. Kila mgeuzo unapunguza kitu, na waya mwembamba usio na kinga ndio unaleta hivyo vivuli. Sauti haipiti humo kabisa. HDMI inapeleka namba zenyewe, picha na sauti kwenye waya mmoja. Tazama ubavuni mwa kompyuta kama kuna tundu bapa, pembe zake mbili za chini zimekatwa.

Mama Glory [18:59]
Lipo, upande wa kushoto.

Fundi Saidi [19:03]
Basi chukua waya wa HDMI wa mita 2 au 3, wenye maandishi "High Speed". Usiuziwe wa bei kubwa kwa sababu ya kichwa cha dhahabu, rangi haiongezeki hata chembe. Namba zikifika salama picha ni kamili. Zikipotea njiani utaona vidoa vinametameta, au skrini inakuwa nyeusi sekunde moja na kurudi. Hapo waya ni mbovu au umelegea.

Mzee Laizer [19:06]
Saidi, na kompyuta yenye VGA tu? Haina hilo tundu lingine.

Fundi Saidi [19:10]
Shikamoo mzee. Kuna kigeuzi cha VGA kwenda HDMI. Kiwe na mkia wa USB wa kukipa umeme na kipini cha sauti cha 3.5 mm. Dukani sema wazi "kutoka VGA kwenda HDMI", maana kile cha HDMI kwenda VGA kinafanana nacho sana na hakifanyi kazi kinyume.

Mzee Laizer [19:11]
Marahaba. Nimeelewa.

Baba Ivan [19:18]
Mama Glory, waya mpya peke yake hautaondoa ukungu wote. Kompyuta nyingi za inchi 14 na 15 za miaka ya nyuma zina skrini ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1366 kwa 768. TV yako ni 1920 kwa 1080, jumla ya pikseli karibu mara mbili. Ukionyesha picha ileile sehemu zote mbili, mara nyingi kompyuta inafuata skrini ndogo, halafu TV inainyoosha. Pikseli moja inatakiwa ijaze nafasi ya moja na nukta nne hivi. Pikseli haigawanyiki, kwa hiyo TV inachanganya rangi ya jirani na jirani, na mstari mweusi wa herufi unageuka kijivu.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua "Second screen only". Kisha bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu, ingia "Display settings", weka 1920 x 1080. Maandishi yakiwa madogo ukikaa kwenye kochi, panda "Scale" mpaka 150%. Usishushe azimio, yaani hiyo idadi ya pikseli, ili kukuza herufi, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Mama Glory [19:21]
Na ile saa iliyokatika?

Baba Ivan [19:27]
Hiyo ni TV yenyewe. Tangu enzi za TV za kioo cha mgongo mrefu, TV hukuza picha kidogo ili kuficha kingo. Kwa kompyuta ni hasara mara mbili: kingo zinapotea, na kukuza kunarudisha ukungu. Tafuta kwenye rimoti sehemu ya ukubwa wa picha. LG wanaita "Just Scan", Samsung "Screen Fit" au "Fit to Screen", Sony "Full Pixel". Kama ni Samsung, badilisha pia jina la tundu liwe "PC", maandishi ya rangi yatatulia. Halafu shusha "Sharpness" karibu na sifuri, ndiyo inayochora mstari mweupe kuzunguka herufi. Sony tu ndiyo uache 50.

Dada Upendo [19:34]
Naongezea kwenye video. Mama Glory, muulize mpiga video kama alirekodi fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde. Kompyuta inapeleka picha mara 60 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki kwa 25, ndiyo maana kamera ikizunguka kanisani picha inarukaruka. Ingia "Advanced display", chagua 50 Hz, yaani mara 50 kwa sekunde. Kila fremu itaonyeshwa mara mbili kamili na maandamano ya watoto yatapita laini. Kama alirekodi 30, baki 60.

Na wenye TV za 4K (pikseli mara nne ya Full HD): kompyuta yenye HDMI ya toleo la zamani, 1.4, inaishia 30 Hz kwenye 4K, mausi inaburuta. Wekeni 1080 kwa 60 Hz. Hainyooshwi vibaya, kila pikseli inajaza nne kamili.

Fundi Saidi [19:41]
Na umeme, tafadhali. Chaja ya pini mbili haina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), huacha umeme mdogo kwenye chuma cha kompyuta. Waya wa dishi nao una wake. Vikikutana kwenye HDMI wakati vyote vimewaka, tundu linaweza kuungua. Zima, chomoa TV na chaja ukutani, unga HDMI, ndipo uwashe. TV ipite kwenye TV guard.

Mama Glory [19:58]
Upendo, mpiga video kasema 25. Waya nanunua kesho.

*Kesho yake*

Mama Glory [19:46]
Picha safi jamani, asanteni sana! Ila nimechomeka sabufa kwenye kompyuta, sauti inatangulia midomo.

Baba Ivan [19:51]
TV inachelewesha picha kwa sababu inaichakata kwanza, sabufa haisubiri. Hamisha waya wa sabufa kwenye tundu la sauti la TV, kisha bofya alama ya spika chini kulia uchague jina la TV. Ikibaki tofauti, weka TV kwenye "Game", inapunguza uchakataji.

Mama Glory [20:14]
Imelingana hata bila "Game". Na saa naiona yote pale chini, 20:14.