Kubadili mafuta ya breki ya Toyota IST nyumbani

Wakuu, mafuta ya breki kwenye IST yangu yamekuwa meusi tii. Nina spana, na mdogo wangu atakanyaga pedeli. Naanzia tairi lipi?

— Mkuu, soma kwanza mfuniko wa kikopo cha mafuta ya breki, umeandikwa DOT ngapi (daraja la mafuta). Nyonya machafu kwa bomba la sindano, jaza mapya, kisha anza nyuma kushoto, ndiko mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki). Vika mpira mweupe kwenye nipo (kijibomba cha kutolea mafuta kwenye breki ya tairi), uzamishe kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Dogo akanyage, ashikilie. Fungua nipo, mafuta yatoke, funga NDIPO aachie. Akiachia mapema, upepo unarudi na kazi inaanza upya. Kila baada ya mikanyago michache ongeza kikopo, kisikauke.

— Yakimwagikia bodi, maji haraka! Yanakula rangi.

— Lazima kweli? Breki zinashika.

— Zinashika mjini. Mafuta haya hunyonya unyevu: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, yenye maji hata 140. Shuka mlima Kitonga wa Iringa na mzigo, breki zipate moto mafuta yachemke, pedeli izame, ndiyo utajua.

— Asante wakuu. Nipo ya nyuma imeganda, naipiga WD-40 (dawa ya kulegeza kutu) hadi kesho.