Jenereta linatosha, au ni lazima kufunga taa za dharura na alama za kutokea zenye mwanga?

Msimamizi wa Jengo, Ilala

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasimamia jengo la biashara la ghorofa nne hapa Dar es Salaam. Chini kuna fremu za maduka, katikati kuna ofisi, na juu kabisa kuna ukumbi wa mikutano. Tukijiandaa kwa ukaguzi wa Zimamoto tulimwita mshauri wa usalama, naye akaandika kwamba alama zetu za kutokea, ambazo ni stika za kijani zilizobandikwa ukutani, hazitoshi, na kwamba ngazi ya nyuma haina taa ya dharura hata moja. Mwenye jengo anasita kutoa fedha, kwa hoja kwamba tuna jenereta linalojiwasha lenyewe kila umeme wa TANESCO unapokatika. Naomba kuelimishwa: je, hoja yake ina mashiko? Na kama stika hazifai, ninunue taa zipi, maana dukani nimeonyeshwa nyekundu zenye neno EXIT na za kijani zenye picha ya mtu anayekimbia?

Mpangaji wa Ofisi

Mimi ninaona mwenye jengo ana hoja. Katika jengo tulimopanga, jenereta hushika kabla mtu hajamaliza kutafuta tochi ya simu, na sijawahi kuona korido ikikaa gizani. Fedha hizo zingefaa zaidi kununulia mitungi ya kuzimia moto.

Mhandisi Umeme

Kwa heshima kwa aliyenitangulia, jenereta na taa ya dharura ni vitu viwili vyenye kazi tofauti. Jenereta hufidia umeme wa gridi unapokosekana, ilhali taa ya dharura inatakiwa kuwaka umeme unapokosekana mahali pale ilipo, hata kama mtaa mzima una umeme. Chukulia kwamba moto umeanzia kwenye chumba cha bodi ya umeme, au hitilafu imeangusha breka ya saketi ya ngazi ya nyuma: umeme wa TANESCO bado unaingia katika jengo, kwa hiyo swichi ya kubadilishia, ile inayohamisha jengo kutoka TANESCO kwenda kwenye jenereta, haioni tatizo lolote, jenereta linabaki kimya, na ngazi iko gizani. Hata likiwaka, umeme wake unapita katika nyaya zilezile zinazoungua. Ndiyo sababu taa ya dharura hubeba betri yake yenyewe na hulishwa kutoka saketi ileile ya taa za kawaida za eneo lake, waya ukichukuliwa kabla ya swichi, ili breka ikianguka taa iwake papo hapo. Mafundi wengi huzifunga kwenye saketi ya peke yake kwa sababu ni rahisi kuvuta waya mmoja, na kwa kufanya hivyo huharibu kazi yote.

Kuhusu viwango vya taa za dharura, mwambie fundi afuate BS 5266 ya Uingereza na EN 1838 ya Ulaya, ambavyo wahandisi wanavifahamu vizuri. Njia ya kutokea inatakiwa kupata angalau luksi 1 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) sakafuni katikati ya njia, eneo la wazi kama ukumbi wenu luksi 0.5, na mahali penye mitungi ya kuzimia moto au vitufe vya king'ora luksi 5. Nusu ya mwanga huo iwe imepatikana ndani ya sekunde 5 na wote ndani ya sekunde 60. Betri isipungue saa 1, ingawa kwa jengo lenye ukumbi ningechagua za saa 3. Taa ziwekwe kwenye kila mkondo wa ngazi, kila kona, kila mlango wa kutokea, na pia nje ya mlango wa mwisho, mahali ambapo karibu kila mtu hupasahau.

Stika si haramu. Tatizo lake ni umbali na mwanga. Alama inayomulikwa kwa taa ya pembeni husomeka kwa umbali wa mara 100 ya kimo chake, na yenye mwanga ndani yake mara 200. Kwa hiyo stika yenye kimo cha sentimita 10 inamfaa mtu aliye ndani ya mita 10, tena kama kuna taa ya dharura inayoimulika. Korido ikiwa ya mita 18, aliye mwisho wake haoni kitu. Zile zinazong'aa gizani nazo hunywa mwanga kwanza, hivyo ukizibandika katika ngazi ambayo taa zake huzimwa mchana kutwa, hazitang'aa.

Nunua za kijani. Katika ISO 7010, kiwango cha kimataifa cha alama za usalama, nyekundu ni rangi ya makatazo na ya vifaa vya kuzimia moto, na kijani ndiyo ya njia salama. Yule mtu anayekimbia, aliyebuniwa na Mjapani Yukio Ota, anaeleweka hata kwa mteja asiyejua Kiingereza, na wateja wa aina hiyo ndio wengi katika fremu zenu.

Fundi wa Matengenezo

Naongeza jambo moja ambalo ndilo linaloua mifumo mingi hapa kwetu. Walinzi wakiambiwa wabane matumizi, huzima meni swichi ya ghorofa kila jioni. Taa ya dharura haijui kwamba ofisi zimefungwa. Inaona umeme umekatika, inawaka, na betri inakwisha usiku huohuo. Kuijaza upya huchukua saa 24, kwa hiyo kesho yake asubuhi wapangaji wanaingia katika jengo lenye taa za dharura zisizo na chaji, na mchezo huo ukirudiwa kila siku betri hufa kabla ya muda wake. Kialamisho cha kijani kwenye taa kisikudanganye, kwani kinaonyesha tu kwamba chaji inaingia, hakisemi betri itahimili muda gani.

Jaribu kila taa kwa muda mfupi mara moja kwa mwezi, na mara moja kwa mwaka iache iwake muda wake wote. Jaribio la mwaka fanya Jumamosi jioni, jengo lipate Jumapili nzima ya kuchaji, na kila kitu kiandikwe kwenye daftari lenye tarehe na namba ya taa.

Msimamizi wa Jengo, Ilala

Nashukuru sana. Limebaki moja: mlango wa chini wa ngazi ya nyuma hufungwa kwa kufuli kwa ajili ya wezi, na funguo hukaa kwa mlinzi wa mbele. Wapangaji wa fremu nao huweka marobota ya vitenge kwenye ngazi hiyo. Nianze na lipi?

Mhandisi Umeme

Anza na kufuli, kabla hujanunua taa hata moja. Weka komeo la kusukuma, linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo na lisilofunguka kutoka nje. Wezi hawataingia na watu watatoka. Marobota yaondolewe kwa barua rasmi kwa kila mpangaji, nakala ibaki kwenye jalada, kwa sababu Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 inawapa wakaguzi mamlaka ya kuingia na kukagua jengo, na ngazi iliyojaa bidhaa ni kasoro inayoonekana hata kabla ya kufungua daftari. Baada ya hapo funga taa za ngazi ya nyuma, kisha korido, na ukumbi mwishoni ikiwa fedha hazitoshi kwa mara moja, ila ukumbi usikodishwe usiku hadi taa zake ziwe zimefungwa na kujaribiwa.