RV-12, CH 750 au Kitfox: ipi inamfaa mtu anayejenga peke yake?

BawaMoja:
Wakuu, heshima kwenu. Miaka mitatu nimekuwa nikisoma tu bila kuchangia, sasa nimeamua kujenga ndege yangu ya viti viwili. Leseni ninayo. Karakana ina urefu wa mita 7 na upana wa mita 4. Muda ni jioni nne kwa wiki. Riveti, zile pini za kuunganishia bati, sijawahi kupiga hata moja.

Zimebaki tatu mezani, zote za kununua vipande na kujiunganishia: RV-12 ya Van's, CH 750 STOL ya Zenith (STOL ni kuruka na kutua kwa umbali mfupi), na Kitfox Series 7. Zote zinakubali Rotax 912, kwa hiyo injini tuiweke kando kwanza. Viwanja vyangu vingi ni vya nyasi, na kimoja kina mita 350 tu, na miti mwishoni. Nawasikiliza.

FundiBati:
Karibu upande wa wenye vidonda vya vidole, mkuu. Mimi nina RV-12, nimeijenga kwa miaka miwili na miezi kadhaa, nikiwa na jirani wa kunishikia upande wa pili pale inapobidi.

Sifa yake kubwa ni vitabu vya maelekezo. Kila ukurasa una mchoro, kila tundu limeshatobolewa kiwandani kwa kipimo chake cha mwisho. Ukiona matundu hayalingani, ujue umegeuza kipande, usichukue drili. RV kubwa kama RV-7 zinajengwa kwa riveti za kugonga, mtu mmoja na nyundo ya hewa, mwingine na chuma cha kukingia nyuma. RV-12 karibu yote ni riveti za pop, unavuta peke yako.

Angani inakwenda kama kilomita 210 kwa saa. Tangi ni lita 75, na Rotax ikitulia inakunywa lita 18 hadi 20 kwa saa, hesabu mwenyewe. Mabawa yanachomolewa kwa pini mbili, watu wawili, dakika chache.

Kuhusu mita 350 zenye miti: peke yako asubuhi ya baridi, sawa. Watu wawili, tangi limejaa, jua la saa nane mchana, mimi siendi.

Nyasi Ndefu:
Hapo FundiBati kajibu swali bila kujua. Mtu kasema nyasi na miti, mnampa ndege ya lami?

750 ina bamba lisilosogea mbele ya bawa, linalopitisha hewa kwenye mwanya ili bawa liendelee kubeba hata ukiinua pua sana. Usukani wa mkia wote unageuka, hakuna sehemu iliyotulia. Mabawa yanaacha kubeba chini ya kilomita 60 kwa saa, wakati RV-12 ni karibu 75. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye nyasi zilizolowa ni tofauti ya kusimama kabla ya mti au baada.

Gharama yake ni mwendo. Lile bamba linavuta hewa muda wote, hata usipolihitaji. Utakwenda kilomita 160 kwa saa hivi, na kukiwa na upepo wa mbele utapitwa na magari barabarani. Nimepitwa, na abiria wangu alinionyesha.

MamaPropela:
Wanaume na bati lenu. Niwaongelee nguo kidogo.

Kitfox inakuja na mwili wa mabomba ya chuma ulioshachomelewa kiwandani. Kazi yako kubwa ni kuivalisha. Unabandika kitambaa cha poliesta kwa gundi, kinakaa kimelegea kama shuka lililoanikwa, unaona aibu hata kumwonyesha mtu. Halafu unachukua pasi ya kawaida ya nguo, umeipima kwa kipimajoto kwanza maana namba zilizoandikwa kwenye pasi ni za uongo. Unapita mara ya kwanza nyuzi 120 za Selsiasi, mara ya pili 150, mara ya mwisho 175. Mikunjo inapotea mbele ya macho yako, na ukigonga kwa kidole inalia ngoma. Ukizidisha joto kitambaa kinaanza kulegea tena, na hapo hakuna kurudi nyuma, unabandua. Mimi nilibandua upande mmoja wa mkia kwa sababu nilikuwa naongea na simu.

Baada ya hapo rangi ya fedha ya kuzuia jua, maana jua ndilo adui wa kitambaa, siyo mvua.

Kwa karakana yako: mabawa ya Kitfox yanakunjwa kuelekea nyuma yakalala kando ya mwili. Mtu mmoja anaweza. Kwenye kutua fupi iko karibu na 750, na mwendo inaizidi. Ila miguu lazima ifanye kazi. Flapu zake, yaani vibawa vya kuongeza mbebo wakati wa kutua, zinaning'inia chini ya ukingo wa nyuma wa bawa na ndizo hizo hizo zinazolaza ndege upande. Ukizitumia bila pedali, pua inakwenda upande usioutaka.

Shaka:
Samahani kuharibu hewa. Zenith si ndiyo ile ambayo mabawa yalivunjika angani?

Nyasi Ndefu:
Swali halali, ndugu. Ile ni CH 601 XL. Mwaka 2009 bodi ya kuchunguza ajali ya Marekani ilitaka zizuiwe kuruka baada ya kadhaa kuvunjika zikiwa angani, kisha yakatoka marekebisho ya kuimarisha mabawa. Bawa la 601 liko chini na linajishikilia lenyewe. La 750 liko juu na lina nguzo zinazolifunga kwenye mwili. Mbunifu ni yule yule, Chris Heintz, lakini muundo ni mwingine kabisa. Ukikuta 601 XL inauzwa, cha kwanza uliza karatasi za marekebisho.

Na tukianza kuhesabu madhambi, Van's nao mwaka 2023 walikuwa na vipande vilivyokatwa kwa leza vikapata nyufa kwenye matundu, wakaishia kuomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai mwezi Desemba.

FundiBati:
Kweli, na wenye oda walilazimika kukubali bei mpya. Baadaye kampuni ilitoka salama na inaendelea kuuza. Mimi ilinikuta nimeshamaliza, nikalala usingizi.

Mzee wa Hanga:
Wanangu, shikamooni hamjanipa lakini nawajibu: marahaba.

Mnabishana kuhusu viwanda vilivyo hai, jambo jema. Enzi zetu ilikuwa BD-5 ya Jim Bede, kiti kimoja, nzuri kama samaki. Maelfu ya watu waliagiza. Masanduku ya bati yalifika, injini iliyoahidiwa haikufika. Kampuni ikafilisika, na miili mingi ya ndege ilibaki imelala kwenye magereji ya watu bila kitu cha kuisukuma. Kwa hiyo BawaMoja, umesema tuiweke injini kando. Usiiweke kando. Hakikisha injini unayotaka imeshafungwa kwenye ndege hiyo hiyo na watu wengi, na kwamba fremu ya kuishikilia na koti la mbele la kufunika injini vinatoka kiwandani. Hizo tatu zako zinapita mtihani huo.

Kanadi79:
Hakuna aliyetaja Long-EZ? Mbunifu Burt Rutan, 1979, povu gumu na faibaglasi, bawa dogo mbele, propela nyuma, unakata povu kwa waya wa moto. Inakwenda mbali na haraka kuliko hizo zote.

MamaPropela:
Kaka, mtu ana mita 350 za nyasi. Propela ya nyuma inakula kila jiwe linalorushwa na magurudumu. Na Rutan aliacha kuuza michoro tangu 1985. Tusimpoteze.

Jioni Nne:
Mimi niongeze upande wa aliyekosea. Nilinunua mradi wa mtu ulioishia nusu, si moja ya hizi tatu. Niliona mabawa yamekamilika, nikafurahi. Kufungua kifuniko cha ukaguzi nikakuta ndani matundu hayakuondolewa makali hata moja, na baadhi ya riveti vichwa vimekaa upande. Nilitumia miezi minane kutoboa riveti za mtu mwingine. Kibaya zaidi, mamlaka ya usafiri wa anga iliniuliza nani alijenga nini. Nchi nyingi, kama ilivyo Marekani, zinataka mjenzi amefanya zaidi ya nusu ya kazi kwa ajili ya kujifunza, na mwenye mradi wa kwanza hakuwa na picha wala daftari. Piga picha kila siku, hata siku uliyofanya dakika ishirini.

Pia jioni nne ni nyingi kwa mwezi wa kwanza tu.

BawaMoja:
Nawashukuru wote, na Mzee shikamoo, naomba radhi.

Nimepima karakana upya. RV-12 ina urefu wa mita 6, inaingia. 750 inakaribia mita 6.7, yaani pua kwenye mlango na mkia ukutani, na mabawa nitayafungia uwanjani. Kitfox inavutia, lakini nikisoma habari ya pasi najijua, na mimi pia naongea sana na simu.

Mita 350 ndizo zimeamua. Naelekea 750. Ila siagizi ndege nzima, nimeona Zenith wanauza usukani wa mkia peke yake, nianze nao. Ukinishinda nitakuwa nimepoteza kipande kimoja.

Nyasi Ndefu:
Safi sana. Nilianza hivyo hivyo. Wikiendi mbili kwa mgeni.

FundiBati:
Nimeshindwa kwa heshima. Bati lake la alumini aina ya 6061 halishikwi na kutu upesi, hilo nakubali.

BawaMoja:
Swali la mwisho. Kleko za kubania bati ninunue ngapi na rangi ipi?

Nyasi Ndefu:
Za rangi ya shaba kwa riveti za A4, nyeusi kwa A5 ambazo ni nene zaidi. Anza na mia moja za shaba na hamsini nyeusi, uongeze ukifika kwenye mabawa. Na usimwazime mtu. Hazirudi.

FundiBati:
Zangu arobaini unazo wewe.