Mjadala: Stesheni ya Maktau iwe makumbusho ya vita, au treni irudi?

Wanajukwaa, kila stesheni ya Maktau inapotajwa, kwenye njia ya reli ya Voi–Taveta, tunagawanyika. Kuna wanaotaka igeuzwe makumbusho ya Vita Kuu ya Kwanza, watalii wa Tsavo Magharibi wapite hapo. Wengine wanataka treni irudi. Mimi niko na hawa wa pili.

Reli hii ni mtoto wa vita, sikatai. Agosti 1914 Wajerumani waliteka Taveta. Mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi, kazi ya vikosi vya wahandisi wa kijeshi kutoka India, na katikati ya 1915 ikafika Maktau. Nyika ni kavu. Maji yalivutwa kwa bomba kutoka Bura. Mwaka 1916, Taveta ilipokombolewa, reli ikaendelea hadi Kahe, ikaungana na ile ya Tanga–Moshi.

Lakini vita vilipita. Iliyobaki ni miongo ya kahawa ya Kilimanjaro ikishuka Mombasa, mkonge wa Mwatate na Taveta, na abiria wenye jamaa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa. Maisha hayo marefu nani anayasimulia? Mgeni ataambiwa habari za Luteni Wilbur Dartnell, aliyeuawa karibu na Maktau Septemba 1915 kwa kukataa kuwaacha majeruhi, akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Alikuwa shujaa kweli, na kaburi lake liko Voi, lina jina. Askari wa Kihindi nao wana makaburi yao Maktau. Je, wapagazi? Walibeba unga na risasi kichwani, wakafa kwa maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi, wakafukiwa kando ya njia bila hata jiwe.

JIBU: Natofautiana nawe, ndugu. Lami ya Mwatate–Taveta ipo. Mama muuza nyanya anapakia jioni, alfajiri yuko soko la Kongowea, Mombasa. Treni atapanda ya nini? Makumbusho yatawapa vijana wetu kazi.

MLETA MADA: Hoja ya lami nimeipokea, ina uzito. Ila mama huyo analipia kila kreti, na mvua ikinyesha lori likichelewa, hasara ni yake. Behewa lingempunguzia gharama. Na kama ni lazima makumbusho yatangulie, basi yasianze na yasiishie 1916. Makuli, waongoza ishara na mastesheni masta waliokuwa vijana 1977 sasa wamepita miaka sabini. Kuwarekodi hakuhitaji bajeti ya serikali, simu inatosha. Mwenye mzee aliyefanya kazi njia hii, Mwatate, Bura, Maktau au Taveta, amhoji wiki hii na aweke maneno yake hapa.